Vipepeo watatu wa rangi ya chungwa nchi kavu: utajuaje yupi ni yupi?

Kando ya mto Turkwel karibu na Lodwar, kwenye vichaka vya Isiolo, au ndani ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, nje ya Maskati baada ya mvua za miezi ya baridi, kuna kipepeo wa rangi ya chungwa ambaye ni vigumu kumpita bila kumtazama. Watu humpiga picha na kuuliza ni nani. Majibu huja matatu tofauti, na kila anayejibu ana uhakika wake. Tatizo ni kwamba nchi kavu za Afrika Mashariki na Uarabuni zina vipepeo watatu wa sura hiyo, na huweza kuonekana mahali pamoja katika wiki moja.

Wa kwanza ni Danaus chrysippus, ambaye hapa nitamwita danausi. Wa pili ni jike la Hypolimnas misippus, nitamwita misipusi. Wa tatu ni Vanessa cardui, nitamwita vanesa. Hakuna hata mmoja kati yao anayeishi jangwani peke yake. Utawakuta pia Dodoma, Mombasa na hata kwenye bustani za Kampala. Lakini nchi kavu ndiko wanakochanganywa zaidi, na ndiko tabia zao zinakoachana waziwazi, kwa sababu ukame humlazimisha kila mmoja kuonyesha mbinu yake ya kuishi.

Wote watatu ni wa familia moja kubwa, Nymphalidae. Ukiwatazama wametua utaona wanasimama kwa miguu minne, kwa kuwa miwili ya mbele imedumaa na kukunjwa kifuani. Kwa hiyo kuhesabu miguu hakutakufikisha popote.

Usianze na ncha ya bawa

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kutazama ncha ya bawa la mbele: ikiwa nyeusi yenye mkanda mweupe wa kukata mshazari, basi ni danausi. Ningependa ushauri huu uachwe kabisa, angalau kwa sisi wa upande huu wa dunia.

Danausi ana maumbo kadhaa ya rangi. Lile linaloonekana kwenye vitabu vingi lina ncha nyeusi na mkanda mweupe. Lakini Kenya kaskazini, Somalia na Ethiopia umbo lililotawala ni dorippus, ambalo halina ncha nyeusi wala mkanda. Bawa la mbele ni la chungwa karibu lote, na weusi umebaki ukingoni tu. Uarabuni, Oman ikiwemo, maumbo yote mawili hupatikana. Kuna na la tatu, alcippus, lenye bawa la nyuma jeupe, ambalo makao yake makuu ni Afrika Magharibi lakini hufika pia upande wetu.

Hapo mtu angesema: sawa, nikiona kipepeo wa chungwa asiye na ncha nyeusi, nitajua ni danausi wa umbo la dorippus. La hasha. Jike la misipusi naye ana maumbo yake, na yanafuata yale ya danausi moja baada ya jingine: lipo lenye ncha nyeusi na mkanda mweupe, lipo lisilo na ncha nyeusi, linaloitwa inaria, na lipo lenye weupe kwenye bawa la nyuma. Ncha ya bawa, basi, inakwambia ni umbo gani. Haikwambii ni spishi gani.

Maeneo ya kuzunguka Nairobi ni magumu zaidi, kwa kuwa maumbo ya danausi hukutana na kuzaliana huko, na unaweza kuona kipepeo aliye katikati, mwenye kivuli hafifu cha ncha nyeusi kana kwamba rangi ilioshwa. Huko kuna jambo jingine la kushangaza. Majike wengi hubeba bakteria wa jenasi Spiroplasma anayeua viinitete vya kiume, kwa hiyo mayai yao hutoa majike matupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa majike hao kromosomu yenye jeni za rangi imeungana na kromosomu ya jinsia ya kike, hivyo bakteria, jinsia na rangi vinarithiwa pamoja kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kwa mtu anayetaka tu kumtambua kipepeo, maana yake ni hii: ukiwa karibu na Nairobi, rangi ya bawa la mbele ni ushahidi dhaifu mno.

Bawa la nyuma ndilo la kuaminiwa

Subiri afungue mabawa, kisha peleka jicho katikati ya bawa la nyuma. Danausi jike ana madoa madogo meusi matatu yaliyokaa karibu karibu. Dume ana hayo matatu na la nne, ambalo ni kubwa kuliko wenzake na limevimba kidogo. Ni kifuko cha harufu anachokitumia kumshawishi jike. Ukimwona dume kwa upande wa chini, doa hilo la nne lina kiini cheupe ndani ya weusi, na hata picha ya simu ya kawaida hulionyesha vizuri. Kwa hiyo danausi anakupa majibu mawili kwa mara moja: spishi na jinsia.

Misipusi ana doa moja tu, na halikai katikati. Liko karibu na ukingo wa juu wa bawa la nyuma, mahali ambapo bawa la mbele hulifunika mara kwa mara. Ndiyo maana picha nyingi za misipusi zinaonekana hazina doa lolote. Ukiona bawa la nyuma la chungwa lisilo na doa, usiseme hajulikani. Kukosekana kwa yale madoa matatu ya katikati kunatosha kukuondolea danausi.

Kisha fuata ukingo wa nje wa bawa hilo hilo. Wa danausi ni wa mviringo laini, na mkanda wake mweusi una vidoa vyeupe vya duara ndani yake. Wa misipusi una mawimbi mawimbi, na weupe wake umekaa kama vipande vya mwezi mwandamo vilivyopangwa kufuata mawimbi hayo. Tofauti hii huhitaji picha ya karibu, lakini ukishaizoea utaiona hata kwa kipepeo aliyechakaa ambaye nusu ya magamba yake yamepukutika.

Vanesa hahitaji mjadala mrefu. Rangi yake ya chungwa imechanganyika na waridi na kahawia, na juu ya bawa la mbele kuna madoa meusi makubwa yasiyo na mpangilio, pamoja na ncha nyeusi yenye vidoa vyeupe kadhaa, siyo mkanda mmoja. Akikunja mabawa, upande wa chini wa bawa la nyuma una michoro ya kahawia, kijivu na nyeupe kama marumaru, na karibu na ukingo kuna safu ya vidoa vya duara vinavyofanana na macho. Wale wawili wengine hawana macho hayo. Mwili wake nao ni wa kahawia wenye manyoya, wakati danausi ana kichwa na kifua cheusi kilichonyunyiziwa vidoa vyeupe vinavyong'aa.

Kwa umbo la mwili, danausi na misipusi wanalingana. Mabawa yakifunguliwa hufika sentimita 7 au 8. Vanesa kwa kawaida ni mdogo kiasi. Ukubwa ni kigezo cha mwisho kwangu, kwa sababu kiwavi aliyekosa chakula cha kutosha hutoa kipepeo mdogo, na ukame huzalisha wengi wa namna hiyo.

Kwa nini mmoja anamwiga mwenzake

Danausi ana sumu. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, hasa Calotropis procera, ule mti mfupi wa majani mapana ya kijani-kijivu unaoota kando ya barabara na kwenye mito mikavu, wenye maua meupe na zambarau na matunda yaliyovimba kama mpira. Waarabu huuita ushari. Utomvu wake una kemikali zinazovuruga moyo, na kiwavi huweza kuzihifadhi mwilini hadi anapokuwa kipepeo. Ndege akimla hutapika, na baada ya hapo haigusi tena rangi hiyo. Hata akimdonoa tu, ngozi ya danausi ni ngumu kama ngozi iliyotengenezwa. Hujilaza kana kwamba amekufa, kisha huinuka na kuendelea na safari.

Misipusi hana ulinzi huo. Anavaa sare ya mwenye sumu na kupita salama. Uigaji wa aina hii unaitwa wa Bates, kutokana na Henry Walter Bates, aliyeueleza mwaka 1862 baada ya kukaa miaka mingi kwenye misitu ya Amazon. Kinachonivutia kwa misipusi ni kwamba dume haigi chochote. Dume ni mweusi tii, na kila bawa lina doa kubwa jeupe lililozungukwa na mng'ao wa buluu na zambarau, na doa jingine dogo liko kwenye ncha ya bawa la mbele. Ukiwaona wawili hawa pamoja hutaamini kwamba ni spishi moja. Kwa mtambuaji huo ni msaada mkubwa. Ukimkuta dume mweusi ametua kichakani, akifukuza kila kinachopita na kurudi pale pale, basi kila kipepeo wa chungwa anayeruka hapo karibu anastahili kutazamwa mara mbili kabla ya kuitwa danausi.

Watu wamemfahamu danausi kwa muda mrefu sana. Kwenye picha za ukutani za kaburi la Nebamun huko Thebes, Misri, zilizochorwa takriban mwaka 1350 kabla ya Kristo na ambazo sasa ziko British Museum mjini London, wanaonekana vipepeo wa aina hii wakiruka juu ya mafunjo, katikati ya ndege. Karne nyingi baadaye, mwaka 1758, ndipo Linnaeus alipompa jina la kisayansi.

Mwendo wake angani

Danausi haharakishi. Hupiga mabawa mara chache, huteleza, hushuka hadi usawa wa magoti, huzunguka kichaka. Hana sababu ya kukimbia. Misipusi asipobughudhiwa huruka hivyo hivyo, na hapo ndipo anapowadanganya watu, siyo ndege peke yao. Lakini mshtue kidogo, tupa kivuli chako juu yake, na utaona anaondoka kwa kasi ambayo danausi huitumia mara chache. Binafsi nikiwa na shaka husogea hatua mbili mbele na kutazama atakavyoitikia. Si jaribio la kukata shauri peke yake, ila likiungana na madoa ya bawa la nyuma hakuna kinachobaki cha kubishania.

Vanesa huruka kwa nguvu na kwa kukatakata, akibadili upande ghafla. Hupenda kutua chini kabisa, kwenye mchanga au mawe yaliyopata jua, mabawa yakiwa wazi, na ukimfukuza hurudi karibu na mahali alipokuwa. Kipepeo wa chungwa aliyetua juu ya njia yenyewe unayopita ana uwezekano mkubwa wa kuwa vanesa.

Dume la danausi lina tabia moja ambayo wenzake hawana. Hukusanyika kwenye mimea ya Heliotropium iliyonyauka au kuvunjika, wakati mwingine kadhaa kwenye kijiti kimoja kikavu kisicho na ua hata moja. Hulowesha kijiti kwa mrija wake na kufyonza kemikali ambayo huigeuza kuwa harufu ya kile kifuko cha kwenye bawa. Ukiona vipepeo wa chungwa wameshikamana na mmea mkavu, hesabu madoa: kwa kawaida utakuta yale manne.

Ukame unavyowatofautisha

Hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya kuwajua wanyama hawa badala ya kukariri alama zao.

Danausi ni mkaazi. Calotropis ina mizizi mirefu na hubaki kijani wakati kila kitu kingine kimekauka, kwa hiyo kiwavi wa danausi ana chakula hata katikati ya kiangazi. Kama umefika mahali ambapo mvua haijanyesha kwa miezi, mimea ya msimu imekwisha, na bado kuna kipepeo wa chungwa anayezungukazunguka kwenye vichaka vya utomvu, anza na dhana ya danausi.

Misipusi hutegemea mimea midogo ya msimu. Viwavi wake hupenda Portulaca oleracea, lile gugu la majani manono yanayotambaa ardhini na maua madogo ya njano, ambalo huchipuka upesi baada ya mvua na pia huota kwenye mashamba ya kumwagilia, bustani na nyufa za sakafu za nje. Ndiyo maana katika nchi kavu humwona misipusi zaidi baada ya mvua, au mjini kwenye bustani zinazomwagiliwa, hata pale ambapo nje ya mji hakuna jani.

Vanesa yeye huondoka. Mvua ikinyesha jangwani na mimea kama mibaruti na jamaa za malva ikichipuka, huzaliana kwa wingi, kisha kizazi kipya huhama kabla ukame haujakaza. Mwaka 2019, baada ya mvua nzuri za majira ya baridi Mashariki ya Kati, mamilioni yao walipita Lebanon, Israeli na Cyprus wakielekea kaskazini. Utafiti uliofuatilia uhamaji wa mwaka 2009 kwa kutumia rada na waangalizi ulikadiria kwamba milioni 11 hivi waliingia Uingereza msimu wa kuchipua na milioni 26 wakaondoka msimu wa vuli, wakirudi kusini kwa wastani wa mita 500 juu, mahali ambapo mtu wa chini hawezi kuwaona. Mzunguko mzima kati ya Afrika ya kitropiki na kaskazini mwa Ulaya ni karibu kilomita 15,000, na hakuna kipepeo mmoja anayeumaliza. Hupokezana vizazi, hadi sita. Tena mwaka 2013 walipatikana kwenye ufuo wa Guiana ya Ufaransa, Amerika Kusini, na watafiti wakaonyesha kwamba walikuwa wamevuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, angalau kilomita 4,200 bila mahali pa kutua.

Kwa hiyo ukiona vipepeo wengi wa chungwa kwa siku chache, wote wakielekea upande mmoja bila kusimama, kisha kesho kutwa hakuna hata mmoja, hao ni vanesa. Danausi naye huhama sehemu nyingine, lakini msururu wa namna hiyo, wa chini chini na wa haraka, ni wa vanesa.

Ukimkuta kiwavi kabla ya kipepeo

Kwa viwavi hakuna mwiga na mwigwaji, kazi inakuwa nyepesi. Wa danausi hana miiba. Amezungushiwa mistari ya mweusi, mweupe na njano, na mgongoni ana jozi tatu za nyuzi nyeusi laini zenye wekundu chini. Wa misipusi ni mweusi mwenye miiba iliyotawanya matawi, na kichwa chenye wekundu kimebeba pembe mbili ndefu. Wa vanesa ana miiba mifupi na mistari ya njano ubavuni, na hujificha ndani ya jani alilolikunja na kulifunga kwa nyuzi za hariri.

Watoto wakitaka kumfuga wa danausi ndani ya chupa, wakatiwe jani na mtu mzima. Utomvu wa Calotropis ukiingia jichoni huumiza vibaya, na mikono iliyoushika haifai kuguswa usoni kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Picha ya kutosha

Kama unaweza kupiga picha mbili tu, piga moja mabawa yakiwa wazi kutoka juu, na nyingine akiwa ameyakunja kutoka ubavuni. Ya kwanza inatenganisha danausi na misipusi. Ya pili inamtoa vanesa na, kwa bahati, inaonyesha kama danausi ni dume. Andika na mmea aliokuwa juu yake na kama mvua imenyesha karibuni. Mtaalamu wa jumba la makumbusho atakushukuru zaidi kwa mstari huo mmoja kuliko kwa picha ya tatu.

Kuna wengine wanaoweza kukuchanganya, ila si kwa muda. Acraea neobule, anayepatikana nchi kavu za Afrika Mashariki na Uarabuni, ana rangi ya chungwa-nyekundu na madoa meusi, lakini sehemu kubwa ya bawa lake la mbele inapitisha mwanga na unaweza kuona majani kupitia hapo. Acraea encedon naye humwiga danausi, tena kwa maumbo kadhaa. Ni mdogo, mabawa yake ni membamba na marefu, na bawa lake la nyuma lina madoa mengi yaliyotapakaa, zaidi ya manne. Ukihesabu ukapita manne, rudi ukaanze na jenasi Acraea.